Ufa Katika Akiki

Inspekta Duwidar alikuwa amejiahidi kahawa moja tu. Anywe kikombe chake cha msiba, akabidhi kifurushi cha nguo za marehemu, awape mkono wenye nyumba, arudi zake. Upelelezi wa kifo cha Rasim Bey, mshairi wa jumba la Korkut Pasha, ulikuwa umefungwa, na wakubwa wake hawakutaka kusikia mtu akiugusa tena.

Kwenye jalada mambo yalikuwa mepesi. Rasim Bey aliwahama jamaa zake matajiri miaka mingi nyuma, akapanga chumba cha darini mtaa wa Sayyida Zainab, akawa anatunga mashairi ya Kiarabu cha mitaani ya kuwacheka mapasha, na Kairo nzima ikayashika kwa moyo. Kisha wapiga makasia wakamwokota mtoni, kidole chake cha mwisho kimechubuka na pete ya akiki ya ukoo haipo. Mtu wa mwisho kuonekana naye alikuwa rafiki yake Dardiri, mpiga pasi. Majirani waliwasikia wiki hiyo hiyo wakigombana juu ya pete. Sonara mmoja naye akaapa kwamba Dardiri alikwenda kumuuliza habari za jiwe kama hilo. Mahakama ilikuwa Jumamosi, na hakuna aliyedhani Dardiri angetoka pale na shingo yake.

Ila Duwidar, tangu siku aliyomtia pingu yule mpiga pasi, alikuwa akila chakula chake cha peke yake bila kukionja.

Jumba lilikuwa limejiandaa kwa arobaini ya watu wengi sana. Viti vilipangwa safu kwa safu, msomaji alikuwa juu ya kiti chake kirefu akisoma Qurani kwa sauti nzuri ajabu, na waliokuwa wakimsikiliza hawakujaza hata safu ya mbele. Waliompenda Rasim walikuwa mitaani, na mitaani hakukualikwa mtu. Wakubwa wenziwe nao hawakutaka kuonekana wakimlilia aliyewatukana. Duwidar alivitazama vile viti vitupu, akaona huruma.

"Afande, kahawa yao chungu kama shubiri," Sajini Metwalli alimnong'oneza.

"Ni msiba, Metwalli. Ulitaka wakupe sharubati?"

"Hata vijiko viwili vya sukari wangenitilia, marehemu asingekasirika. Yule alikuwa mtu wa utani."

Aliyewapokea ni Vasfi Bey, binamu yake marehemu, mtu mwembamba aliyevaa vizuri, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Hakunyoosha mkono.

"Nguo ungempa bawabu, Inspekta."

"Nguo za marehemu, Bey, nakabidhi mwenyewe. Ndivyo ninavyofanya."

"Haya, umeshakabidhi."

Duwidar akageuka kuondoka, na hapo ndipo alipoiona picha. Ilikuwa imetundikwa ukutani mwisho wa ukumbi, baina ya picha za mababu, rangi yake bado inanukia. Rasim Bey alikuwa amechorwa kakaa, koti jeusi limefungwa vifungo mpaka kooni, tarbushi imenyooka, mdomo umefumbwa kabisa. Lo, wamemfumba mdomo! Mtu aliyekuwa akicheka mpaka wapita njia wanasimama, sasa ametulizwa kama hakimu. Duwidar aliwahi kumsikia mara moja kwenye mkahawa, akajikuta anacheka na yeye, askari mzima, kwa shairi lililokuwa linawasema askari.

Alisogea. Mkono wa kulia wa picha ulikuwa umelazwa juu ya kitabu. Kwenye kidole cha mwisho ilikuwepo pete ya dhahabu yenye akiki nyekundu. Mchoraji alikuwa mtu wa kazi: mwanga wa dirisha alikuwa ameuweka juu ya jiwe, na chini ya ule mwanga palipita mstari mwembamba kama unywele, kutoka pembe hadi pembe.

"Afande, vipi? Umeona jini?"

"Metwalli. Pete ya Rasim Bey iko wapi?"

"Si ilipotea? Duka zima la Dardiri tumelifukua, mpaka majivu ya makaa tumeyachekecha. Mimi nilikohoa wiki nzima."

"Basi mbona iko ukutani?"

Vasfi Bey alikuwa amesimama nyuma yao. "Wachoraji wana maneno mengi, na brashi zao vilevile," alisema. "Hiyo pete kila mtu wa ukoo huu anaijua. Mchoraji alielezwa ilivyo, akaichora."

"Naam. Na wewe mara yako ya mwisho kuiona ilikuwa lini, Bey?"

"Mara ngapi nitasema? Siku aliyotoka nyumba hii. Aliondoka nayo mkononi, hatukumwona tena, wala yeye wala pete. Sasa niache nizike."

Arobaini ya mtu, na yeye anataka kuzika. Duwidar aliyasikia maneno hayo, akayaweka. Juu ya ngazi, penye pazia la wanawake lililofunuliwa kidogo, alikuwepo bibi mmoja mkongwe aliyevaa nyeupe kichwani, peke yake, uso wake umeelekea ile picha na si kwa wageni. Huyo alikuwa Peyker Hanim, shangazi yao, aliyemlea Rasim tangu alipobaki yatima. Hakugeuka hata kidogo.

*

Mchoraji alikuwa Muarmeni mmoja mzee, Khawaja Vartan, mwenye chumba cha kazi juu ya duka la vitambaa karibu na Ezbekiya. Kuta zake zote zilikuwa nyuso: mabibi, mabwana, watoto waliovalishwa nguo za sikukuu.

"Hawa wote ni nani?" Duwidar aliuliza.

"Marehemu. Mimi sichori wengine. Walio hai wananipita mlangoni wanakwenda kupigwa picha ya kamera, rahisi na haraka. Kwangu mtu analetwa akishakuwa hana la kusema."

"Kazi ya upweke."

"Ah, upweke! Marehemu ana adabu, Bwana Inspekta, halalamiki. Ndugu zake sasa! Mpunguzie pua, mzidishie weupe, mtie nishani. Huyu wa Korkut walinitaka nimfumbe mdomo. Picha waliyonipa ni ya shuleni, kijana anacheka meno nje. Nikamzeesha, nikamfumba. Nimefanya, lakini sikupenda."

"Na mwili? Ulimchora nani?"

"Binamu. Mtindo wangu ndio huo: uso natoa kwenye picha, mwili natafuta jamaa wa umbo lake, namvalisha koti la marehemu, anakaa pale kwenye kiti. Mimi kitu nisichokiona sikichori. Kila mtu anajua."

Duwidar alijikaza asionyeshe kitu. "Vasfi Bey ndiye aliyekaa."

"Ndiye. Tulikuwa kwao, ukumbini. Nimeshafika kwenye mikono, mara mama mkubwa wa nyumba, Peyker Hanim, anashuka ngazi, ameshikiliwa na kijakazi. Macho yake yamechoka, anatazama pembeni kidogo ndipo akuone. Akasema, 'Mkono mtupu huo? Mjukuu wa Korkut Pasha atakaa na babu zake bila muhuri wa nyumba?' Akatoa pete kifuani, akamvika yule kijana kidole cha mwisho kwa mkono wake mwenyewe."

"Vasfi akasema nini?"

"Akasema, 'Shangazi, hakuna haja.' Mara moja tu. Uso ulimpauka, nikadhani ni hasira. Lakini mbele ya mgeni, nyumba kama ile, nani atabishana na mkubwa wake? Akanyamaza, nikachora."

"Na ule mstari juu ya jiwe?"

Mzee alicheka. "Umeuona? Mama mkubwa hakuuona. Jiwe lina ufa. Nilijiuliza niufiche, nikasema hapana, maana kila kitu kingine nimeshawafichia." Aliifuta brashi yake polepole. "Siku ya tatu yake bwana mdogo akaja hapa peke yake. Anataka pete nimfutie. Nikamwambia mwenye picha ni shangazi yako, yeye aniambie. Akasema atarudi. Kabla hajarudi, mama mkubwa kaleta gari, picha ikachukuliwa ikiwa bado mbichi. Alisema hawezi kulala bila yule mtoto kuwa nyumbani."

*

Asubuhi Duwidar alikwenda gerezani. Dardiri aliletwa, jitu la Saidi, kusini mwa Misri, lenye mguu mmoja mnene kuliko mwenziwe, maana umri wake wote alikuwa ameisukuma pasi kwa mguu: lile dude zito la chuma linalowekwa chini juu ya nguo, fundi anasimama juu ya kigogo chake, mkono umeshika mpini, mguu unaendesha. Alikonda, lakini alikaa kitako akamtazama Inspekta usoni.

"Nieleze tena habari ya ufa," Duwidar alisema.

"Ya nini? Mara ya kwanza mlicheka. Yule karani wako alicheka mpaka akaangusha kalamu."

"Sicheki leo."

Dardiri alikohoa. "Rasim alikuwa na tabia ya kuitia pete mfukoni akinawa mikono. Akaniletea koti nimnyooshee, mimi nikalitandika, nikajaza maji mdomoni, nikapulizia, nikapanda na pasi. Nikasikia ka! Nikajua nimekwisha. Jiwe limepasuka pembe hadi pembe. Akapiga kelele, nami nikapiga kelele, nikamwambia nani alikutuma uweke kaburi la babu yako mfukoni? Mtaa mzima ukasikia. Baadaye akakaa kizingitini pangu akaanza kucheka. Akasema, 'Dardiri, mapasha wote wameshindwa kuivunja nyumba ya Korkut, wewe umeivunja kwa mguu.' Akaivaa hivyo hivyo, na ufa wake."

"Na sonara?"

"Nilikwenda kumuuliza jiwe likipasuka linaungwaje. Nilikuwa na aibu, afande. Nyie mkaandika nilikwenda kuuza."

Kila shahidi wa serikali alikuwa amesema kweli, na kweli zao zote pamoja zilikuwa zimejenga uongo.

"Jioni ile alikuambia anakwenda wapi?"

"Hilo pia niliwaambia. Alitaka koti lake liwe jipya. Mimi nikamtania, bwana harusi vipi? Akasema anakwenda kubusu mkono wa mwanamke aliyemlea, maana amechoka kuwa na hasira. Karani wako akaandika 'mwanamke' basi, akakonyeza." Dardiri aliinamisha kichwa. "Mimi kunyongwa siogopi sana, wallahi. Linaloniuma, wanasema nilimuua Rasim. Matanga yalipowekwa nilikwenda kule jumbani kutoa pole, bawabu akanionyesha mlango wa jikoni. Nikarudi. Nikasema, Rasim hakuwa mtu wa mlango wa jikoni."

*

Jumbani viti vilikuwa vimeshaondolewa. Peyker Hanim alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, mbele ya picha, shali begani. Metwalli aliachwa langoni.

"Nani huyo?"

"Duwidar, mama mkubwa. Inspekta."

"Njoo ukae. Hakuna pa kukaa, simama basi. Nilikuwa nazungumza na mtoto wangu. Hanijibu. Na zamani alikuwa hanyamazi, alikuwa akinichosha."

"Mama mkubwa, nimekuja kwa ajili ya pete."

Mkono wa bibi ulikwenda kifuani. "Kila mtu ana shida na pete hii. Vasfi aliitaka jana akaisafishe. Nikamwambia ni safi."

"Umeipata wapi?"

"Vasfi alinipa tulipomaliza matanga. Alikuwa amenificha muda wote huo kwa kunihurumia." Aliivuta shali begani. "Siku Rasim alipohama aliivua akamtupia Vasfi usoni, akasema hataki kitu cha nyumba hii wala watu wake. Vasfi akaiweka asiniumize. Sasa nimeshaumia, nimeipokea. Nikasema, kama hai aliikataa, maiti ataivaa. Mimi nitamvika. Atakaa na wakubwa zake apende asipende." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Umeona ukaidi wa kizee?"

"Tafadhali ipitishie ukucha juu ya jiwe."

"Nini?"

"Ukucha, mama mkubwa. Pole pole."

Bibi aliitoa pete. Ukucha ulikwenda juu ya akiki, ukakwama. Akaurudisha, ukakwama tena palepale.

"Haikuwa hivi," alisema.

"Haikuwa. Ilipasuka wiki aliyokufa. Rasim Bey aliisahau kwenye koti, rafiki yake akaikanyaga na pasi. Mtaa mzima ulisikia ugomvi, na sonara aliulizwa habari za jiwe hilo marehemu akiwa hai. Hakumtupia mtu pete hii. Aliivaa miaka yote ile."

Bibi alibaki na kile kipande cha dhahabu kiganjani. Duwidar alikuwa amewahi kupeleka habari mbaya kwenye nyumba nyingi, lakini hii hakujua aiite mbaya au nzuri.

"Aliivaa," Peyker Hanim alisema.

"Na jioni ile alinyooshewa koti. Alikuwa anakuja hapa, kukubusu mkono."

Mlango ulisukumwa. Vasfi Bey aliingia haraka, kofia mkononi, koti la safari mwilini. "Shangazi, usimjibu mtu huyu neno lolote. Nitampigia simu mkubwa wake sasa hivi."

"Vasfi," bibi alisema bila kugeuka. "Pete hii ulipewa lini?"

"Nimekwambia. Alipohama. Aliitupa."

"Jana ulinambia mimi aliondoka nayo mkononi," Duwidar alisema. "Na kwenye maelezo yako ndivyo ulivyotia sahihi."

"Nilikuwa na majonzi. Mtu mwenye majonzi anachanganya mambo."

"Ina ufa, Bey. Ufa una umri mdogo kuliko uongo wako."

Vasfi alitazama mkono wa shangazi yake, kisha mkono wa kwenye picha, ambao ulikuwa wake mwenyewe. Alitafuta kiti. Hakikuwepo. Akakaa chini kwenye zulia, na koti lake zuri.

"Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyebaki," alisema. "Dawa nakupa mimi. Magazeti nakusomea mimi, na ukurasa wenye mashairi yake unaniambia nisome mara mbili. Mara mbili, Shangazi! Hujawahi kuniuliza mimi nimelala vipi. Jioni ile nikamkuta kwenye ngazi zetu za mtoni, amekuja kwa mashua kama zamani tulipokuwa tunatoroka, anacheka, anasema, 'Vasfi, mama yuko macho?' Angeingia tu. Angeingia na maneno mawili, na wewe ungemfungulia."

"Ningemfungulia," bibi alisema.

"Nilimwambia aondoke. Tukavutana, akateleza."

"Na pete nayo iliteleza?" Duwidar aliuliza.

Vasfi aliinua mkono wake wa kulia akautazama. "Nilikuwa nimemshika. Yuko majini, ananishikilia, hajui kuogelea, mimi najua kuwa hajui. Nilimshika vizuri kabisa. Kisha nikamwachia. Nilipofungua mkono, pete ilikuwa imebaki."

Duwidar alikwenda dirishani akampungia Metwalli, na sajini akaja, akamwinua Vasfi Bey kwa kwapa, kwa upole, kama anavyoinuliwa mgonjwa. Mlangoni Vasfi aligeuka. Pengine alitaka kuitwa. Peyker Hanim hakumwita.

"Sasa nyumba imekwisha," alisema, hatua zao zilipopotea.

"Picha nitaihitaji Jumamosi, mama mkubwa. Na pete. Bila hivyo wananyonga mtu asiye na kosa."

"Chukua pete. Na picha chukua, si yeye. Mdomo ule si wake, niliwaambia waufumbe mimi mwenyewe kwa kiburi changu, na kila siku nakaa hapa nangoja aufungue." Alimwekea pete kiganjani, akakifunga kiganja cha Inspekta kwa mikono yake miwili. "Huyo mpiga pasi anaitwa nani?"

"Dardiri."

"Alikuwa akicheka naye?"

"Sana, nadhani."

"Basi mkimtoa, mwambie aje. Sina mtu wa kumtuma, mwambie wewe. Aje anikalie hapa anieleze mwanangu alikuwa anacheka nini." Alijifunika shali, akageukia ukuta. "Na bawabu mpitie sasa hivi, umwambie nimesema mimi: aingie kwa mlango wa mbele."